Alhamisi Isiyofunguliwa

Basi ikawa bado ni Alhamisi.

Watu walilala Alhamisi, wakaamka Alhamisi. Wakakoga, wakapiga mswaki, wakatoka nje kutazama mbingu, wakalikuta jua pale pale walipoliacha, juu ya bati la banda la Ngwali muuza mkaa, limekaa kitako kama mgeni aliyeambiwa chai inakuja na chai yenyewe haiji. Saa tatu asubuhi, haizidi, haipungui. Chai iliyomiminwa haikupoa, maana kupoa nako kunataka wakati. Muadhini alikwisha adhini alfajiri, akakaa kwenye ngazi za msikiti kungojea adhuhuri, akakaa mpaka ngazi zikamzoea. Mtaa wa nyuma kulikuwa na mwanamke wa kujifungua kesho. Mkunga alikuja na beseni lake, akatandika mkeka, akangoja, akakunja mkeka, akasema, "Mwanangu, mimi nazalisha watu, sizalishi kesho," akaenda zake.

Lakini aliyekereka kupita wote ni Bi Somoe, kwa kuwa yeye alikuwa aolewe Ijumaa.

Usicheke. Bi Somoe ana wajukuu, ni kweli, na meno yake machache yaliyobaki yanakaa mbalimbali kama majirani waliogombana, hilo nalo ni kweli. Lakini Mzee Machano, mshona makubadhi ya ngozi, mgane wa siku nyingi, alikuwa akija kila jioni kununua vitumbua kwake, na jioni moja alisimama na kifuko mkononi asiondoke. "Bi Somoe," akasema, "vitumbua vyako nimechoka kuvinunua. Nataka nivile bure." Bi Somoe hakuinua uso kutoka kwenye chungu. Akamwambia, "Anayekula bure kwangu huosha vyombo." Machano akasema vyombo ataosha. Ikapangwa Ijumaa, asubuhi na mapema. Kanga zikafukizwa udi, shehe akaarifiwa. Na kesho ikakataa kuja.

Chanzo chake ni soko. Nalo soko halikuungua wala halikufurika. Siku moja mtu fulani, ambaye mpaka leo kila mmoja anasema alikuwa mwenzake, alisema hali itakuwa ngumu. Hakusema lini, hakusema kwa nini. Waliomsikia wakafunga fedha zao kwenye pindo la kanga, ndani ya soksi, chini ya unga katika pipa. Na kwa kuwa kila mtu alifunga zake, hali ikawa ngumu kweli, na yule mtu akaonekana mjuzi. Ndipo ikaingia asubuhi ile ya Alhamisi. Na katika mji ule, kama katika miji mingi unayoijua wewe, mfanyabiashara akishaondoa mbao za banda lake, akafagia, akapanga vitu vyake, bado hajafungua. Kufungua hasa ni pale mnunuzi wa kwanza anapotia fedha mkononi mwake. Fedha ile huguswa kwenye paji la uso, ikapigwapigwa juu ya bidhaa, bismillahi, na hapo ndipo siku inakuwa siku. Kabla ya hapo hakopeshi, havunji noti ya mtu, na zaidi ya yote hatoi hata senti yake mwenyewe kumnunulia mwingine, maana siku aliyoianza kwa kutoa itamtoa mpaka magharibi. Ni adabu nzuri kabisa, ikiwa mjini mna wapita njia. Lakini mji ule kila mtu alikuwa na banda lake. Ngwali alingoja afunguliwe ili akanunue kitambaa kwa Bi Kazija. Bi Kazija alingoja afunguliwe ili ale vitumbua vya Bi Somoe. Bi Somoe alingoja afunguliwe ili akachukue mkaa kwa Ngwali. Wote wana fedha, wote wana haja, wote wameketi wanatazamana kama watu waliokutana mlangoni na kila mmoja anamwambia mwenzake, tangulia, tangulia wewe.

Jua nalo lilikuwa likisogea kwa kusukumwa. Watu hawakujua hivyo. Walidhani linakwenda lenyewe. Kumbe kila mtu aliponunua fungu la mchicha, kila alipolipa nauli, kila alipomtuma mtoto chumvi, ndipo alipokuwa akilisukuma kidogo kwa bega, na zile nukta ndogo ndogo za kusukuma ndizo zilizoitwa asubuhi, zikaitwa mchana, zikaitwa mwaka, zikaitwa uzee. Sasa hakuna asukumaye. Na mtu asiyeendewa na mtu huanza kujisahau. Fundi saa asiyeletewa saa ni fundi wa nini? Ngwali aliamka akakaa kwenye banda la Bi Kazija, akakunjua vitambaa, akavikunja, akajipepea, na Bi Kazija akakaa kwenye mkaa, na hakuna aliyeona tofauti, hata wao wenyewe, mpaka Bi Kazija alipojipangusa jasho kwa kiganja akauona uso wake umejaa masizi kwenye kioo cha wateja kule bandani kwake.

"Ngwali! Mimi ni wewe tangu lini?"

"Sijui, Bi Kazija. Lakini hapa kwako pana upepo, niache kidogo."

Bi Somoe alilishika jina lake kwa nguvu. Akilisema peke yake akikoroga unga wa mchele na nazi. Somoe. Somoe wa Machano. Hapana, hiyo bado, hiyo ya kesho.

Na alikuwa na tatizo lake jingine, la zamani. Watu walisema mkono wake una kisirani. Aliwahi kuwa mnunuzi wa kwanza wa Bi Kazija, akanunua kipande cha bafta, na kabla ya adhuhuri upepo ukabeba turubai lote ukalitupa kwa watu. Aliwahi kumfungua muuza masufuria, na usiku ule mke wa muuza masufuria akakimbia. Ingawa mke mwenyewe, alipoulizwa, alisema nguo alikuwa amezifunga tangu wiki ya nyuma. Haikusaidia. Tangu hapo Bi Somoe akitokea asubuhi sokoni, watu humwambia kwa heshima kubwa, "Shikamoo bibi, rudi baadaye, sijafungua." Naye hurudi baadaye. Alizoea kula vilivyobaki, nyanya zilizobonyea, samaki waliokwisha kutazamwa na mji mzima. Hakulalamika. Alifanya mzaha. Mtu akimuudhi, humwambia, "Nitakuja kukufungua alfajiri."

Basi katika Alhamisi ile ndefu ndipo alipokuja Serikali.

Alikuja kwa miguu, amevaa koti lenye mifuko mingi na mikono mirefu mno, vidole havionekani. Juu ya uso wake hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Bi Kazija alimwona ni mwalimu wake wa darasa la tatu, yule aliyempiga fimbo kwa kujibu sawasawa. Ngwali alijiona yeye mwenyewe, ila ameshiba. Bi Somoe alimwona marehemu mumewe, Faki, vile alivyokuwa akisimama anapotaka kuahidi jambo, kichwa upande, jicho moja limefumba.

"Mimi ni sisi," akasema Serikali.

"Sisi gani?" akauliza Bi Kazija.

"Nyinyi."

"Sisi tupo hapa tangu asubuhi, na hatukukuona."

Serikali akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa cha watu wengi. "Uchumi wenu umelala," akasema.

Ngwali akainama akachungulia chini ya meza yake. "Umelala wapi, bwana? Tuupelekee mto?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza kwa muda mrefu, mpaka jua lenyewe likatikisika kidogo, ila halikusogea. Serikali hakuudhika. Alikuwa, tuseme haki, mtu mwenye moyo mwema na sikio moja zito. Akasema amekuja kuuamsha. Fedha anazo. Hatagawa tu kama pipi za maulidi, watu watamwona mjinga. Atatoa kazi, na kazi italipwa. Kazi yenyewe ni kupaka mawe chokaa kando ya barabara.

"Barabara gani?" akauliza Mzee Machano, aliyekuwa amekaa nyuma na msharasi wake wa kutobolea ngozi, maana mji ule haukuwa na barabara, ulikuwa na mchanga na uamuzi wa mtu.

"Itakuja," akasema Serikali. "Na ikija isikute mawe machafu."

Basi wakapaka. Na usidhani walipaka kwa huzuni. Mtu aliyekaa bila kuitwa muda wote ule, ukimpa ndoo na brashi ukamwambia, hili jiwe ni lako, atalipaka mpaka lione haya. Waliimba. Walishindana nani jiwe lake linang'aa. Bi Kazija alipaka mawe yake mstari wa chini wa buluu, akaambiwa buluu haikuidhinishwa, akasema basi wamnyang'anye macho. Kobe mmoja alipakwa kwa makosa, na aliyempaka akalipwa, na kobe akaondoka taratibu na kazi ya umma mgongoni. Bi Somoe na Machano walichangia ndoo moja. Machano alichora kwa ncha ya brashi uso kwenye jiwe, wenye meno matatu yaliyoachana.

"Nani huyo?" akauliza Bi Somoe.

"Mke wangu."

"Mbaya!"

"Subiri akauke."

Bi Somoe alicheka akageuza uso, maana mtu mwenye wajukuu anapoona haya hapendi kutazamwa.

Mawe yakaisha. Serikali akakunja mikono ya koti, na kwa mara ya kwanza vidole vyake vikaonekana, navyo vilikuwa vya kila rangi, vingine vya kike, akamlipa kila mtu fedha mpya zinazonuka gundi. Akarudi nyuma akasimama, akatazama jua kwa matumaini.

Watu wakazipokea fedha kwa mikono miwili, wakashukuru, wakazifunga. Pindo la kanga, soksi, pipa la unga. Kisha kila mmoja akarudi kwenye banda lake, akaketi, akangoja afunguliwe.

Serikali akangoja. Akaketi kwenye jiwe, likamchafua koti. "Mbona hamnunui?" akauliza, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio.

"Hatujafungua," wakamjibu wote kwa pamoja, kwa upole, kama unavyomweleza mtoto kwamba moto unaunguza.

"Basi nitanunua mimi!" Akaruka juu. "Nitakuwa mnunuzi wa kwanza! Vitumbua! Nataka vitumbua!" Akamjia Bi Somoe, mkono mfukoni. Lakini ghafla akasimama. "Ila ni lazima nipate bei kwa watu watatu wanaouza vitumbua, nilinganishe."

"Anayeuza ni mimi peke yangu, baba."

"Peke yako?" Serikali akasikitika. "Haiwezekani basi."

Akaenda kwa Ngwali. Ngwali akalikumbatia gunia lake. Akamwambia asimwelewe vibaya, mgeni ni baraka, lakini mkono ambao haujulikani ni wa nani, una vidole vya kila mtu, utamfungua kwa bahati ya nani? Na kama ukimfungua leo, haurudi kesho kudai nusu ya mkaa? Bi Kazija akasema kwa sauti ya chini inayosikika mpaka msikitini kwamba huyu akifungua asubuhi atakuja kufunga jioni. Basi Serikali akazunguka soko zima na fedha mkononi, mtu mkubwa vile, mwenye mifuko mingi vile, na hakuna aliyekubali kumuuzia hata ndimu. Alipokwisha kuzunguka alikaa karibu na chungu cha Bi Somoe, akauliza, si kwa Bi Somoe hasa, aliuliza hewa:

"Hivi fedha isipokuwa njiani, iko wapi?"

Bi Somoe akafunika chungu.

Swali lile lilimwingia. Lilimwingia kama mwiba wa samaki, huoni ulipo ila kila ukimeza unaujua. Iko wapi? Kwenye pindo langu. Sasa pindoni inafanya nini? Inalala. Na mimi nafanya nini? Nailinda isiamke. Faki alipokufa aliacha mitungi miwili na kofia. Aliyonipa nikayapoteza ndiyo ninayoyakumbuka, ile safari, zile halua tulizokula njiani zikaisha kabla hatujafika. Aliyoyaficha mpaka leo sijui yalikuwa nini. Mtu ni alivyonavyo, au ni vile vinavyompita? Mfereji ukishika maji usiyaache ni mfereji au ni dimbwi? Dimbwi lina mbu. Mimi nina mbu. Nina mbu kwenye pindo. Kesho iko pindoni mwangu, nimeifunga mafundo mawili.

Na kwa nini sijaenda kununua? Kwa sababu watasema, rudi baadaye. Na baadaye haipo.

Na kwa nini sijaenda kwa Machano?

Hapo akafunua chungu, akakifunika tena. Kwa sababu, tukisema ukweli wote, tangu watu waanze maneno ya kisirani, Bi Somoe hakuwahi kupita mbele ya banda la Machano asubuhi. Alizunguka kwa nyuma, kwenye taka, akiinua kanga isiguse chini. Hakutaka kumpa nafasi ya kulisema lile neno. Wote walikwisha kumwambia, Ngwali, Bi Kazija, hata muuza pipi. Machano hakumwambia kamwe, na ni kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Ndoa nzima, ukiitazama vizuri, ilikuwa imejengwa juu ya njia ile ya nyuma.

Akasimama. Akajifunga kanga kiunoni. Akapita katikati ya soko, mchana kweupe, saa tatu ya siku zote, na watu wakaacha kujipepea.

"Hodi, Mzee Machano."

"Karibu, karibu, Bi Somoe. Kaa kigodani."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kununua."

Msharasi ukasimama ndani ya ngozi.

"Kununua nini?"

"Makubadhi. Yale yenye nyuzi nyekundu."

"Hayo ni yako. Nilikuwa nikupe mimi."

"Utanipa lini?"

"Kesho."

Wote wawili wakalitazama jua. Jua likawatazama.

Bi Somoe akafungua fundo la kwanza kwa meno, yale machache yanayokutana juu kwa chini. Akafungua la pili. Fedha mpya ya chokaa ikatoka, imekunjana, akainyoosha juu ya paja, akamnyooshea. Mkono wake ulikuwa umetulia.

Machano aliitazama fedha. Akatazama nguzo za banda lake, ambazo mbili kati yake zilikuwa zimeegemeana kwa urafiki. Akasema, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga kitu kizuri bila kukusudia:

"Bi Somoe. Sijafungua."

Soko zima likageuza shingo. Hata nzi waliokuwa kwenye samaki waliacha kupangusa miguu.

Bi Somoe alikuwa amejiandaa kulia, lakini kilichotoka hakikuwa kilio. "Machano," akamwita bila uzee wake, "mkono huu unataka ulale begani kwako mpaka Mungu atakapotuchukua. Usiku hauna kisirani, mchana ndio unacho? Au ulitaka kunioa kipande, huu uuache kwetu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hujafungua. Mimi nimefungua? Nani kaja kwangu? Natoa kabla sijapokea, mbele ya watu. Kama humu mna nuksi, inaanza kunipata mimi."

"Na banda likianguka?"

"Litatuangukia wote wawili. Tutazikwa bila gharama ya harusi."

Mzee Machano akatazama chini. Mikono yake ilikuwa na makovu ya msharasi, kila kidole kimeshachomwa na kazi yake mwenyewe. Watu walimwona anafikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda ambao haukuwapo. Akainuka. Akaligusa banda, nguzo moja moja, kama anayeliaga. Kisha akakaa, akapangusa kiganja kwenye shuka, akakinyoosha.

"Lete," akasema. "Lakini sipunguzi."

"Utapunguza."

"Hizo nyuzi za hariri, mama!"

"Hariri gani, si uzi wa nyavu umeutia rangi?"

"Mnasikia? Mnamsikia anavyonitukania ngozi yangu?"

"Ngozi yenyewe ya mbuzi aliyekufa kwa uzee."

"Nakupunguzia kidogo. Kidogo tu. Kwa sababu ya ujirani."

"Ujirani! Kesho utaniita nani?"

Wakavutana hivyo, naye Machano alikwisha kusahau kwamba kabla ya kufungua mtu habishani bei, na walipofika mahali pa kukubaliana wote wawili walikuwa wakicheka na machozi. Fedha ikaingia kiganjani. Bi Kazija akavuta vitambaa vyake mbali na nguzo. Machano akaigusa fedha kwenye paji la uso. Akaipigapiga juu ya makubadhi. "Bismillahi," akasema.

Kikaanguka kitu.

Watu wakapiga kelele, Ngwali akaingia ndani ya gunia, Serikali akajificha nyuma ya Bi Kazija. Wakafumbua macho mmoja mmoja. Banda limesimama. Nguzo zimeegemeana vile vile. Kilichoanguka kilikuwa ni kivuli cha banda la mkaa, ambacho tangu Alhamisi ianze kilikuwa kimesimama ukutani, na sasa kimelala chini mchangani, cheusi, kizuri kama mkeka mpya.

"Limesogea," akanong'ona Ngwali kutoka guniani.

"Nimefunguliwa!" akasema Machano, akatazama fedha mkononi kama aliyepewa mtoto kushika. Kisha akapaza sauti. "Nimefunguliwa! Ngwali, toka humo, nataka mkaa!" Naye Ngwali alipofunguliwa alitoka mbio na masizi yake hadi kwa Bi Kazija, akanunua kitambaa cheupe, mtu wa mkaa, kitambaa cheupe, kwa furaha tu. Bi Kazija akamjia Bi Somoe, akasimama mbele ya chungu, akatazama pembeni. "Nipe vitumbua," akasema. "Na lile turubai, upepo ulikuwa mwingi siku ile. Nilikuwa najua." Bi Somoe akamwongezea kimoja, hakusema neno, ila alihakikisha Bi Kazija ameona kwamba hakusema.

Ukasikia sasa. Sarafu, vicheko, matusi ya bei, mizani ikigonga. Jua lilikwenda kama mbuzi aliyekatika kamba. Chai ikapoa, watu wakalalamika kwa raha kwamba chai imepoa. Muadhini akaruka kutoka kwenye ngazi, akaadhini adhuhuri kwa sauti ya mtu aliyeachiwa kutoka kifungoni, na hajamaliza kupumua ikawa karibu na alasiri. Mtaa wa nyuma mwanamke akapiga ukelele, na mkunga akapita sokoni mbio na beseni. Na Bi Somoe, akiwa amesimama na makubadhi kifuani, akalisikia goti lake la kulia. Lilikuwa limenyamaza Alhamisi nzima. Sasa linauma. Akajua kwamba wakati umerudi, na umerudi na vyote vyake, na kwamba kila kitumbua atakachouza kitamsogeza karibu na Machano na kitamsogeza karibu na kaburi, kwa bei ile ile, hakuna namna ya kununua kimoja ukaacha kingine. Akalipapasa lile goti. Akalikaribisha.

Serikali alikuwa amepanda juu ya jiwe jeupe. "Sisi tumeuamsha!" akatangaza. "Uchumi umeamka kwa mpango wetu wa chokaa!"

"Muongo mkubwa," akasema Bi Kazija mdomo umejaa.

"Mwache," akasema Bi Somoe. "Ile niliyomlipa Machano si fedha yake? Bila chokaa ningekwenda na nini? Fedha ilikuwa yake. Mkono ulikuwa wangu." Akafikiri kidogo. "Lakini asirudie hiyo hotuba, ni ndefu."

Jioni ikaja. Watu walitoka nje kuitazama, walikuwa wamesahau rangi zake. Kisha usiku. Kisha ile ambayo kila mtu alikuwa akiiogopa kuitaja kwa jina, isije ikaona haya ikarudi.

Ijumaa.

Bi Somoe alifungua mlango wake asubuhi, nywele hazijasukwa, akakuta soko zima limejaa uwanjani. Mbele alikuwa muuza masufuria.

"Shikamoo bibi. Njoo unifungue."

"Mimi kwanza!" akasema muuza ndimu. "Bibi, mkono wako una heri, kila mtu kaona. Chagua ndimu yoyote."

"Bi Somoe mpenzi," akasema Bi Kazija, ambaye hakuwahi kumwita mpenzi mtu yeyote, hata mumewe, "mimi na wewe ni kama ndugu." Na nyuma kabisa ya msururu, akijaribu kuonekana mdogo, alisimama Serikali, kofia mkononi, akasema angependa sana ajue kama bibi angekubali ajira ya kudumu ya kufungua masoko, penye uwezekano, kwa nchi nzima.

Akaenda nao. Alishindwa kujizuia, jamani. Maisha yake yote ameambiwa rudi baadaye. Akatembea mbele yao hadi sokoni akiwa na makubadhi mapya, polepole, na lile la kushoto linambana, na watu wakampisha njia. Kila banda mkono ulinyooshwa. Kila mtu ameketi. Kila mtu anangoja. Akageuka kulitazama soko lile, nyuso zile zote zimemwelekea kama kuku wa bandani, na akaliona jua. Lilikuwa limefika juu ya bati la mkaa. Lilikuwa limeanza kupunguza mwendo.

"Kumbe!" akasema Bi Somoe.

Akachukua ndimu moja, akainusa, akairudisha. "Leo sinunui," akawaambia. "Leo naolewa. Ngwali, una fedha?"

"Ninazo, lakini sija..."

"Huna ndimu nyumbani, mkeo kanambia. Nunua ndimu hiyo."

"Mkono wangu mimi? Wa mkaa?"

"Umeona wangu ulivyo? Una kitu gani? Una mba na makovu ya mafuta. Nunulianeni wenyewe kwa wenyewe, wanangu, mimi nina mtu ananingoja!"

Hakungoja kuona. Alipandisha kanga akakata njia, ya mbele, katikati ya soko, goti linauma, kubadhi linabana, na nyuma yake akasikia sauti ya Ngwali, ya woga, "Ndimu bei gani?" kisha muuza ndimu akitaja bei ya kijambazi, kisha Ngwali akiruka, "Wewe! Ndimu au dhahabu?" kisha wote wakaanza.

Barazani kwake shehe alikuwa amekaa, amevua miwani, ameivaa, ameivua. Mashahidi walikuwa wakipiga miayo. Mzee Machano amesimama katikati ya kizingiti na kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikalia, uso umemsawijika, kwa kuwa hakuna bwana harusi anayependa kufika akaambiwa bibi harusi katoka.

"Somoe!" akasema. "Shehe anataka kuondoka. Umechelewa."

Bi Somoe alisimama akavuta pumzi. Aliliweka neno lile mdomoni, akalizungusha, kama kitumbua cha kwanza kutoka chunguni ambacho mpishi hula mwenyewe kwa siri. Katika mji mzima, kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuupima, hakuwapo mtu hata mmoja aliyeweza kuchelewa.

"Nimechelewa," akasema, akacheka meno yote. "Nimechelewa kweli, mume wangu. Tuingie ndani."